Kuzuru Nawalgarh, mji wa majumba ya rangi: mwongozo kamili wa siku mbili Shekhawati

Bajaji inayokuchukua Kariakoo imepata jina lake kwa ukoo wa wafanyabiashara kutoka nchi kame ya kaskazini mwa Rajasthan, India. Jamnalal Bajaj, aliyeasisi kampuni za ukoo huo mwaka 1926, alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji cha Kashi ka Bas, karibu na mji wa Sikar. Eneo hilo lote linaitwa Shekhawati, kwa jina la Rao Shekha, mtawala wa karne ya 15. Ndani yake imo miji midogo ambayo nyumba za matajiri zimechorwa kuanzia ukuta wa barabarani hadi dari ya chumba cha ndani: miungu, tembo, harusi, magari moshi, na wazungu na kofia zao.

Nilifika huko kwa bahati. Nilikuwa nimempeleka mama mdogo Delhi kwa matibabu, tukaambiwa tusubiri siku tano kati ya kipimo na kipimo. Binamu yangu akabaki naye, mimi nikapanda treni kwenda Nawalgarh. Kwa kuwa watu wetu wengi huenda India kwa matibabu, masomo au biashara na kurudi bila kuona zaidi ya hospitali na duka la nguo, nimeandika hatua zote nilizopitia, na zile ambazo ningetamani mtu aniambie mapema.

Kwanza, elewa unachokwenda kuona

Nyumba hizi huitwa haveli. Usiende kabla hujajua zimejengwaje, la sivyo utaona rangi tu na kuchoka baada ya nyumba ya tatu.

Misafara ya ngamia iliyobeba viungo, pamba na afyuni kati ya bandari za Gujarat na Delhi ilikuwa ikipita Shekhawati, na watawala wadogo wa hapo wakatoza ushuru nafuu ili wafanyabiashara wapende njia yao. Biashara ilipohamia bandari za Bombay (sasa Mumbai) na Calcutta (sasa Kolkata) chini ya Waingereza, na reli zikaua misafara, vijana wa Shekhawati walifuata fedha ilikokwenda. Hao ndio Wamarwari. Miongoni mwa koo zao kubwa, Birla walitoka Pilani, Poddar na Ruia Ramgarh, Goenka miji kadhaa ya hapo.

Waliondoka bila wake zao. Calcutta, katika mtaa wa Burrabazar, walilala wamebanana vyumbani na kula pamoja kwenye majiko ya ushirika yaliyoitwa basa. Fedha walituma nyumbani. Ndiyo iliyojenga haveli, nyingi kati ya mwaka 1830 na 1930 hivi: nyumba zenye ua mbili, tatu, hata nne, ambazo mwenyewe alizilalia wiki chache kwa mwaka, arusi ikiwapo au msiba.

Mimi hapo ndipo moyo wangu uliposhika. Sisi pia tunao ndugu walioko Muscat, London au Minneapolis, wanaolala watu wanne chumba kimoja huku wakijenga nyumba ya vyumba sita kijijini. Ukisimama mbele ya haveli kumbuka hilo, utaielewa bila kuelezwa na mtu.

Chagua mji wa kulala

Miji inayotajwa sana ni mitatu. Mandawa ina hoteli nyingi, ikiwemo ngome yake ya mwaka 1755 iliyogeuzwa hoteli. Ina pia watu wengi wa kukufuata barabarani wakitaka kukuongoza au kukuuzia kitu. Fatehpur ina haveli nzuri sana, nyingi zikiwa zimechakaa, na malazi machache. Nawalgarh, ulioanzishwa mwaka 1737 na Thakur (yaani mtawala mdogo) Nawal Singh, una makumbusho mawili bora, stesheni ya reli, na soko linaloishi kwa ajili ya wenyeji wenyewe.

Lala Nawalgarh usiku mbili. Kwenda na kurudi Delhi siku hiyohiyo sikushauri hata kidogo. Utakaa garini saa kumi na kuona nyumba kwa saa tatu, tena mchana, jua likiwa utosini na rangi zimefifia.

Msimu

Nenda kati ya Novemba na Februari. Mchana ni mtamu, lakini chukua sweta nzito, kwani Januari usiku huwa na baridi kali. Fatehpur nyuzi joto hushuka chini ya sifuri baadhi ya miaka. Mei na Juni usithubutu. Churu, mji wa jirani, ulifika nyuzi 50 na zaidi Juni 2019. Julai hadi Septemba ni mvua, na barabara za vichochoroni hujaa maji.

Makaratasi

Viza ya utalii unaomba mtandaoni katika tovuti ya serikali ya India, indianvisaonline.gov.in. Ziko tovuti nyingi za madalali zinazofanana nayo na kutoza zaidi, kwa hiyo hakikisha anwani inaishia na gov.in. Kama umekwenda kwa viza ya matibabu au ya masomo, huna haja ya nyingine kwa safari ya siku mbili ndani ya nchi.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe pamoja na pasipoti. India ni wakali kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda, Burundi na Kongo. Mtanzania naye, ndege yake ikipitia Nairobi au Addis Ababa, ataulizwa. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya kuchomwa; usichanje siku ya mwisho ukadhani umemaliza.

Kila hoteli India hulazimika kuandikisha mgeni wa nje kwa polisi, kwa hiyo pasipoti na viza vitanakiliwa. Nyumba nyingi ndogo za wageni hazipokei wasio Wahindi kwa sababu hawataki usumbufu huo. Piga simu kabla, sema wazi wewe raia wa wapi, na usisafiri mpaka wamekubali.

Kufika

Kutoka Jaipur ni rahisi kuliko kote: kilomita kama 150, saa tatu hivi kwa barabara. Mabasi ya serikali ya Rajasthan huondokea kituo cha Sindhi Camp, yakipitia Sikar. Treni nazo zipo, Jaipur hadi Sikar kisha Nawalgarh.

Kutoka Delhi zipo treni zinazokwenda Sikar kupitia Loharu na Jhunjhunu, na Nawalgarh iko njiani. Si za kila saa, hivyo panga siku zako kwa kufuata ratiba. Kukata tiketi mtandaoni kwa namba ya simu ya nje ni kazi. Nenda stesheni kuu ya New Delhi, ghorofa ya kwanza, kuna ofisi maalumu ya wasafiri wa kigeni. Ukiwa mlangoni, mtu nadhifu mwenye kitambulisho shingoni atakuambia ofisi hiyo imefungwa au imehamia mtaa wa pili. Aliniambia mimi pia. Mpite, panda ngazi.

Gari la kukodi kutoka Delhi huchukua saa tano hadi sita. Mkiwa watu watatu au wanne gharama inagawanyika vizuri, na kesho yake mnalo la kuzungukia.

Stesheni ya Nawalgarh iko nje kidogo ya mji wa kale. Bajaji zitakuwepo.

Siku ya kwanza asubuhi: jifunze kusoma nyumba

Anza na makumbusho ya Podar. Ni haveli ya mwaka 1902, ina michoro kama 750, na imekarabatiwa mpaka inang'aa. Wapo wanaolalamika kwamba rangi zimepakwa upya mno. Wana hoja, lakini mgeni anahitaji kuona mara moja haveli ilivyokuwa siku tajiri alipoikabidhiwa na fundi, ili baadaye akiona mabaki ajue kilichopotea.

Iingie polepole, kwa mpangilio wake. Nje kuna barabara na baraza. Kisha lango kubwa la mbao nzito lenye mlango mdogo ndani yake, kama milango yetu ya Unguja na Lamu. Tazama juu ya lango: utaona toran, pambo la mbao lililotundikwa siku ya arusi ya binti wa nyumba; bwana arusi hulipiga kwa upanga au fimbo kabla ya kuingia. Baada ya lango kuna daka, kisha ua wa kwanza, wa wanaume. Kando yake ni baithak, chumba cha biashara: godoro jeupe sakafuni, mito ya kuegemea, na pangaboi la kitambaa lililovutwa kwa kamba na mtumishi.

Humo ndimo zilimoandikwa hundi. Ndiyo, neno letu lilelile. Mfanyabiashara wa hapa aliandika karatasi, ndugu wa ukoo Calcutta akailipa, fedha ikasafiri nusu ya India bila sarafu kubebwa. Wahindi waliokaa pwani yetu wengi wao asili yao ni Gujarat na Kutch, hawakutoka Shekhawati, lakini lugha ya kitabu cha hesabu ilikuwa moja, na hundi, bima na laki vimebaki kwetu mpaka leo.

Ua wa pili ni wa wanawake. Huko ndiko maisha yalikokuwa: jiko, visu vya kukatia mboga, watoto, na wake waliongoja barua. Michoro ya huko ina mungu Krishna na mpenzi wake Radha kuliko magari. Kaa ukumbini dakika kumi bila kupiga picha.

Kutoka Podar nenda moja kwa moja makumbusho ya Morarka, mwendo mfupi kwa miguu. Hii ni ya mwaka 1900, karibu umri mmoja na ile, lakini huku wamehifadhi michoro ya zamani bila kuipaka upya. Ukiziona mbili kwa kufuatana, jicho lako litakuwa limepata shule. Mimi Morarka niliipenda zaidi. Rangi imezeeka kama sura ya mtu mzima, na mkono wa fundi bado unauona.

Namna ya kukadiria umri wa mchoro

Hili ndilo lililonipa raha kuliko yote.

Mafundi waliitwa chejara, waashi waliokuwa pia wachoraji, wengi kutoka jamii ya wafinyanzi. Ukuta wa nje walichora lipu ikiwa bado mbichi: tabaka la mwisho la chokaa laini iliyochanganywa na vumbi la marumaru, wakapaka rangi kabla haijakauka ili rangi inywewe na chokaa, wakasugua kwa jiwe la akiki mpaka uso ukawa kama kioo, kisha wakapitisha nazi kwa ajili ya mafuta yake. Ndiyo maana kuta za nje zimestahimili jua la zaidi ya miaka mia. Vyumba vya ndani mara nyingi vilichorwa lipu ikiwa kavu, na rangi hiyo hubanduka kwa kuguswa tu. Usiegemee ukuta, usipitishe kidole, na begi la mgongoni livae kifuani.

Sasa tazama rangi. Ukiona ngeu nyekundu, masizi, nili, kijani cha udongo na nyeupe ya chokaa tu, huo ni mkono wa zamani. Ukiona buluu inayopiga kelele na nyekundu kali, hizo ni rangi za viwandani zilizokuja kutoka Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kisha tazama kilichochorwa. Miungu, wafalme na tembo vimo nyakati zote. Garimoshi linasogeza tarehe mbele. Motokaa, eropleni, simu na gramafoni ni karne ya 20.

Wachoraji wengi walichora mambo ambayo hawajayaona. Walisikia masimulizi ya tajiri aliyerudi, au waliangalia picha iliyochapwa. Kwa hiyo treni nyingine ni safu ya vijumba juu ya magurudumu, kila dirisha na abiria wake ametazama mbele. Nilisimama mbele ya mojawapo muda mrefu. Mtu yule aliamini maneno ya msafiri, akayapa umbo.

Mchana: haveli zisizo makumbusho

Rudi hotelini ule, lala kidogo, toka tena saa tisa. Alasiri jua hushuka ubavuni na kuta hupata uhai.

Aath Haveli ni kundi la majumba yaliyokusudiwa kuwa manane ya ukoo mmoja, na nje yake kuna garimoshi na ngamia wakishirikiana ukuta. Tazama pia Bhagton ki Choti Haveli. Kisha nenda Bala Qila, ngome ya zamani, ambayo sasa ni soko la mboga na ofisi. Pembeni kuna chumba kidogo cha vioo, Sheesh Mahal, unachofikia kwa kupita duka la vitamutamu. Uliza, watakuonyesha kwa kiasi kidogo cha fedha. Darini imechorwa mitaa ya Jaipur na Nawalgarh kama ilivyokuwa.

Haveli nyingi zimefungwa. Warithi wametapakaa Kolkata, Mumbai na ng'ambo, hawaelewani nani amiliki chumba gani, kwa hiyo hakuna anayekarabati wala kuuza. Amebaki mlinzi, chowkidar, na familia yake ndani ya vyumba viwili. Kuingia kwake ni adabu, na adabu ina hatua:

Simama nje ya kizingiti. Piga hodi, kwa maana hiyo ni nyumba ya watu. Salamu ya hapo ni "Ram Ram", mikono ikiwa imeunganishwa kifuani. Mzee mwite chacha ji. Onyesha kwa ishara kuwa unaomba kutazama. Akikubali, vua viatu ukiona vya wengine vimevuliwa mlangoni. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na wanawake wa nyumba usiwapige kabisa mpaka waseme wenyewe. Ukitoka mpe bakshishi mkononi mwake, rupia 50 hadi 100 kwa mgeni mmoja ni heshima. Noti ndogo utafute tangu asubuhi. Malipo mengi ya mjini siku hizi ni kwa simu, kwa mfumo ambao mgeni wa siku mbili si rahisi kuutumia, na mlinzi hatakuwa na chenji.

Wewe nawe utatazamwa. Mwafrika Nawalgarh ni mgeni wa nadra, na vijana watakuomba picha. Niliwakubalia wa kwanza, nikakuta foleni ya kumi. Ukichoka, tabasamu, weka mkono kifuani, endelea kutembea.

Maneno utayapata zaidi ya unavyodhani. Dukan, rang, chai, dawa, sabun, kitab, dunia: yaseme kwa sauti yako ya Kiswahili na wataelewa. Garimoshi ni relgari.

Chakula

Mji ni wa wafanyabiashara wa Kihindu na Kijaini, nyama hutaiona karibu popote. Agiza dal baati churma: mipira ya ngano iliyookwa, dengu, na unga mtamu wa samli. Wakati wa baridi omba bajre ki roti, mkate wa uwele unaopakwa samli na kuliwa na sukari guru. Mtu wa Dodoma au Singida atajisikia nyumbani. Ker sangri, mboga ya matunda na maganda ya miti ya jangwani, ina uchachu unaopendeza. Maji kunywa ya chupa, na kagua kama kifuniko hakijafunguliwa.

Siku ya pili: toka nje ya mji

Kodi gari na dereva kwa siku nzima, mkubaliane bei, vituo na saa ya kurudi kabla ya kuondoka. Hotelini kwangu walinitafutia dereva mzuri. Mwongozaji mwingine aliyenidaka barabarani jana yake alinifikisha kwenye maduka matatu na haveli moja.

Anzeni Parasrampura, kama kilomita 20. Kuna jengo la kumbukumbu la Thakur Sardul Singh, baba yake Nawal Singh, la mwaka 1750, lenye kuba. Michoro ya ndani ya kuba ni miongoni mwa ya zamani kabisa katika eneo zima: ngeu, kahawia na nyeusi tu, vita na Ramayana, utenzi mkuu wa Kihindu, vikizunguka juu ya kichwa chako. Mwenye ufunguo hukaa jirani. Baada ya rangi nyingi za jana, utulivu wa hapa utakugusa.

Mkipita Dundlod, ingieni haveli ya Goenka iliyogeuzwa makumbusho. Halafu Mandawa. Huko nendeni haveli ya Newatia, ambayo sehemu yake ni ofisi ya benki: ukutani kuna ndege ya akina Wright, ndugu wawili Wamarekani waliotangulia kurusha eropleni, na kijana anayezungumza kwa simu. Ile ya Murmuria ina Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, juu ya farasi akishika bendera, na picha ya Venice.

Mkiwa na nguvu, ongezeni Fatehpur, kilomita kama 20 kutoka Mandawa. Mchoraji wa Kifaransa Nadine Le Prince alinunua haveli ya mwaka 1802 hapo mnamo 1998 na kuirudishia uhai, nayo hufunguliwa kwa wageni. Barabarani angalieni visima vyenye nguzo nne ndefu kama minara. Zilijengwa hivyo ili msafiri wa ngamia aone maji yalipo kabla hajafika.

Mandawa watawauzia madirisha na milango ya kale. Msinunue. Sheria ya India ya mwaka 1972 inakataza kutoa nchini vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100, na kila mlango uliopo dukani umeacha shimo katika haveli fulani. Nunueni kitambaa kilichotiwa rangi kwa kufungwafungwa, bandhej, ambacho fundi atatengeneza kingine kesho.

Rudini Nawalgarh kabla ya magharibi na muombe hoteli iwaruhusu kupanda darini. Saa hiyo moshi wa majiko hupanda, watoto hurusha tiara kutoka dari hadi dari, na haveli tupu hukaa katikati ya zile zenye watu, michoro ikififia hadi ubaki ukuta mweusi. Treni yangu ya Delhi iliondoka asubuhi. Mama mdogo aliniuliza nimeona nini, nikamwonyesha picha ya ile treni ya vijumba. Akaitazama, akasema, "Hizi ni nyumba za watu waliokuwa mbali."